Soli ya Mguu wa Kulia

Asubuhi ya mwisho tuliyoamka wote wawili ilikuwa Jumatano. Mke wangu alikunywa chai amesimama, kama siku zote. Alisema akikaa atanata kwenye kiti. Dereva wa zamu ya kwanza hakai.

Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Vyeusi, vya kamba, vya kiume, maana vya kike alisema havikanyagi. Akavaa cha kushoto, akavaa cha kulia, kisha akapiga sakafu kwa mguu wa kulia mara mbili. Akaniuliza swali lake.

"Fundi, umegusa soli?"

"Sijagusa."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu sijagusa, Dereva."

Aliniuliza hivyo kila asubuhi kwa miaka mitatu. Mwanzoni lilikuwa swali. Baadaye likawa salamu. Hata lilipokuwa salamu lilinichoma kidogo, na yeye alijua kwamba linanichoma.

Asubuhi ile alikuwa anasugua mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Nikamwambia, "Pumzika leo." Akasema, "Nikipumzika, nani ateremshe watu?" Nilisema mara moja tu. Sikurudia. Akavuta mlango, akaenda.

Saa nne na nusu walikuja kuniita kibandani kwangu. Basi lilikuwa limesimama kituo cha zahanati, chini kabisa ya mteremko. Lilisimama sawasawa, mlango mkabala na nguzo ya kituo. Breki ya mkono imevutwa. Injini imezimwa. Abiria walishuka, wengine wakapanda, wakakaa wakisubiri. Walidhani amejipumzisha, maana alikuwa amelaza kichwa kwenye usukani. Kondakta ndiye aliyemgusa bega.

Daktari alisema ni moyo. Mambo ya moyo mimi siyajui. Mimi najua viatu.

Ushirika wa mabasi umeniomba niandike habari zake. Picha yake imetundikwa ofisini, na madereva wapya wanauliza huyu mama ni nani. Mimi sikusoma. Herufi alinifundisha yeye, kwa vibao vya mbele ya basi. Kwa hiyo nitasema kidogo.

Alianza kwa kukata tiketi. Miaka minne alisimama mlangoni mwa basi, na katika miaka hiyo minne wenzake walitazama barabara, yeye akatazama miguu ya dereva. Alipokwenda kutahiniwa udereva, mtahini alimuuliza, "Ukiendesha basi, nani atapika nyumbani?" Akamjibu, "Aliyepika leo." Mtahini akamfelisha. Akarudi mwezi uliofuata, akafelishwa tena. Mara ya tatu mtahini alikuwa mwingine.

Aliyepika siku ile ni mimi. Maharage, na yaliungua.

Aliendesha basi miaka ishirini na sita, njia ileile moja. Inaanzia stendi, inapita sokoni, inapita zahanati, inapanda mlima kwa kona mbili kali, inafika daraja dogo. Ng'ambo ya daraja ni mtaa wa juu. Kilomita saba, vituo kumi na tisa. Basi halijanyanyua mguu vizuri, linasimama tena.

Watu walimwita Mama Breki, kwa sababu alianza kupunguza mwendo kabla mwingine hajafikiria. Asubuhi za haraka walimpigia kelele kutoka nyuma.

"Mama Breki! Tunakwenda kazini au tunasindikiza maiti?"

"Kazini, baba. Ndiyo maana nataka ufike na meno yako."

"Meno ninayo, kazi ndiyo nitakosa!"

"Kazi utapata nyingine."

Basi zima likacheka. Na kesho yake walimpigia kelele zilezile.

Kibanda changu kiko ubavuni mwa stendi. Nilimuona akitoka, nikamuona akirudi. Fundi viatu humsoma mtu kutoka chini. Mwenye haraka humaliza ncha. Mwenye mizigo humaliza kisigino. Dereva humaliza soli ya mguu wa kulia, hapa chini ya kidole gumba, mahali panapokanyaga breki. Ya mke wangu ilikaa miezi mitano. Ikimalizika nabandika raba laini, nashona, nampa. Miaka yote ilikuwa hivyo. Miezi mitano, kama kalenda.

Sasa niseme habari ya mabasi.

Mabasi ya ushirika yalikuwa mazito, ya zamani, yaliyojengwa juu ya chasi ya lori. Mawili yalikufa mwaka mmoja. La tatu likawa linakohoa. Ushirika ukaamua kununua manne mapya, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Yalikuwepo ya aina mbili. Mazito, kama yale tuliyozoea. Na mepesi, ya kisasa, bodi nyembamba, injini ndogo.

Mwenyekiti alitaka mepesi. Mwenyekiti ni mtu mwenye sauti ya redio, akisema jambo unaona kama limeshatangazwa. Alisema basi jepesi linakunywa mafuta kidogo, kama kindege. Alisema linakata kona kama baiskeli. Alisema linapita daraja dogo. Hapo watu wa mtaa wa juu wakapiga makofi mpaka viti vikasogea. Darajani kuna kibao cha kukataza gari zito. Miaka yote basi liliishia upande wa huku, watu wa juu wakashuka na kutembea nusu saa, na nusu saa hiyo yote ni kupanda.

Huko juu ndiko alikokaa dada yake mke wangu, mkubwa wake. Magoti yake mabovu. Akisimama utasikia.

Wazee wa ushirika walitaka mazito. Walisema yanadumu. Wakaulizwa mnajuaje, wakasema tunajua. Haikutosha.

Mwisho wakakubaliana hivi. Basi moja jepesi litaletwa kwa majaribio wiki sita. Ataliendesha Mama Breki, kwa sababu hana upande. Kisha mkutano, na atakalosema yeye ndilo litakalonunuliwa.

Alirudi nyumbani na habari hiyo, akakaa. Siku hiyo alikaa.

"Wamenitwika," akasema.

"Wamekuheshimu."

"Hujui wewe. Nikikosea, watu wa juu watatembea miaka ishirini kwa ajili yangu. Au nikikosea upande wa pili..."

Wiki mbili za kwanza zilikuwa sikukuu. Basi lilikuwa jeupe, viti vya buluu. Lilipanda mlima likiimba. Lilipita daraja, likaenda hadi mlangoni kwa shemeji yangu. Alipanda amevaa nguo mpya, akaketi kiti cha mbele, akateremka stendi bila kulowa jasho. Akaja kibandani kwangu kuringa.

"Shemeji, niangalie. Nimekuja mjini kama mtu mwenye mume tajiri."

"Mume tajiri yuko wapi?"

"Sina, lakini dereva ni mdogo wangu!"

Tulicheka. Mke wangu naye alicheka. Lakini wiki ya tatu akawa kimya. Akirudi anaweka mguu wa kulia kwenye beseni la maji ya moto, anautazama.

"Basi lina nini?" nikamuuliza.

"Halina neno. Linakwenda, linasimama."

"Sasa?"

"Mguu unauma kama nimepanda ngazi siku nzima. Labda ni mimi."

Wiki ya tano alinipa viatu. Nikageuza cha kulia. Soli ilikuwa imeliwa. Tundu la kuingia kizibo cha soda, hapohapo chini ya kidole gumba. Raba ile niliibandika mwenyewe siku ileile basi jipya lilipoletwa. Wiki tano. Mahali pa miezi mitano.

Niliona. Nataka niseme wazi kwamba niliona. Fundi viatu haoni tundu kama lile akapita. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nilimfikiria shemeji na magoti yake. Nilifikiria jinsi mke wangu alivyokuwa na wasiwasi, nikasema nikimwongezea hili hatalala. Nikajidanganya kwamba raba za siku hizi ni mbovu.

Kisha nikafanya kosa ambalo asiye fundi hawezi kulifanya. Nilikuwa na kipande cha tairi la lori, kigumu, kinene kama kidole. Nikakikata umbo la soli. Nikabandika, nikashona, nikapigilia misumari mifupi pembeni. Ilikuwa kazi safi. Nikajisifu moyoni kwamba hii haitaisha mpaka afike pensheni. Sikumwambia. Asubuhi alichelewa, akavaa, akakimbia.

Ilikuwa Jumatatu.

Saa tatu nilisikia watu wakikimbia kuelekea zahanati. Mtu akisema "basi" mimi moyo unaruka, na siku hiyo walisema basi. Nikaacha kiatu cha watu kwenye chuma, nikakimbia na nyundo mkononi. Nilikuja kugundua ninayo nilipofika.

Basi jeupe lilikuwa limepita kituo kwa urefu wake mzima. Limepanda ukingo wa barabara. Pua yake iko juu ya benchi la mbao ambalo wagonjwa hukaa kusubiri. Benchi limevunjika katikati. Mama mmoja amesimama pembeni amemkumbatia mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa amekaa pale. Mtoto alikimbilia paka, yeye akainuka kumfuata. Ni hilo tu. Paka.

Mke wangu alikuwa bado ndani, mikono kwenye usukani. Nilipofika dirishani akanitazama kama hanijui.

"Nilikanyaga," akasema. "Nilikanyaga, mguu haukusikia kitu. Kama nimekanyaga gogo."

Nikatazama chini, kwenye kiatu.

Fundi mkuu wa ushirika alikuja. Ni mtu mwema, mnene, anapenda kufuta mikono hata ikiwa safi. Akaingia, akakanyaga pedali mara tatu, akaangalia mafuta ya breki. Akasema breki nzima. Mwenyekiti akamchukua mke wangu kando, akashusha sauti yake ya redio.

"Mama, hakuna anayekulaumu. Umri ni umri. Umekula chumvi nyingi kuliko sisi wote."

Ilikuwa namna ya heshima ya kumwambia kwamba mguu wake umezeeka.

Mkutano ulikuwa Ijumaa. Kutoka Jumatatu ile mpaka Ijumaa, nyumba yetu ilikuwa kama ina mgonjwa. Hakwenda kazini. Alikaa kiti cha jikoni akikanyaga sakafu. Anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Miguu mitupu. Anajipima kama mguu unasikia.

"Unasikia," akasema. "Sasa unasikia. Kwa nini pale haukusikia?"

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake.

Jumanne aliandika barua ya kuacha kazi. Akaikunja, akaiweka chini ya sahani. Akasema, "Ijumaa nitasema wanunue jepesi. Basi halina kosa. Kosa ni langu. Wachukue jepesi, wamtafute dereva kijana, dada yangu apate usafiri." Nikasema "Mm." Jumatano nzima nilisema "Mm" tu. Kibandani nilishona kisigino cha mtu upande usio wake. Nilikuwa naogopa vitu viwili na sikujua kipi kikubwa. Naogopa akijua hatanitazama tena. Naogopa asipojua, mabasi manne ya aina ile yatashuka mteremko ule kila siku, na benchi lile litatengenezwa upya na watu watakaa.

Alhamisi asubuhi akawa anapiga dawa viatu avirudishe kabatini. Akasema, "Hivi sitavihitaji tena." Hapo nikashindwa.

"Geuza hicho cha kulia."

Akageuza. Akaitazama ile soli ya tairi. Akaigonga kwa ukucha.

"Hii nini?"

"Tairi la lori."

"Lini?"

"Jumapili."

Akaenda kwenye sanduku langu la kazi, akachukua kisu, akakaa sakafuni, akaanza kuing'oa mwenyewe. Nikataka kumsaidia, akanitolea jicho. Aling'oa msumari mmoja mmoja. Ilimchukua muda. Kisha akasema bila kunitazama:

"Siku tatu umeniona nakanyaga sakafu hii."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Akakusanya misumari kiganjani.

Baadaye sana akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya kazini. "Kwa nini ulibadilisha? Raba ilikuwa mpya."

"Ilikuwa imetoboka."

"Imetobokaje? Ina wiki ngapi?"

"Tano."

Akainua kichwa. "Kwenye basi la zamani inakaa muda gani?"

"Miezi mitano."

Akasimama na kisu mkononi. "Ile iliyotoboka iko wapi? Usiniambie umetupa."

Fundi hatupi kipande. Nilikuwa nayo, na ya kabla yake pia, kwenye mkebe. Tukaziweka mezani. Akaweka kidole gumba kwenye tundu, akakizungusha.

"Kwa hiyo nilikuwa nakanyaga mara nne, mara tano zaidi," akasema. "Bila kujua. Basi linakuja juu yangu, mimi nazidisha nguvu. Kila siku kidogo."

"Kwa hiyo kosa ni langu," nikasema.

"Kosa ni lako," akasema. "Na breki ni ndogo. Yote mawili."

Akaichana barua.

Mkutano ulianza saa nne asubuhi, ukumbi wa ushirika, watu wamejaa mpaka madirishani. Mtaa wa juu walikuja wote. Shemeji alikaa mbele, mguu mmoja ameunyoosha. Mwenyekiti alisema maneno ya kufungua, akamkaribisha Mama Breki. Mke wangu akaenda na mfuko, akatoa kiatu, akatoa na soli tatu, akazipanga mezani juu ya gazeti.

"Mama," mwenyekiti akasema, "meza hii ndiyo tunayonywea chai."

"Leo mtakunywa mmesimama, kama mimi."

Wakacheka. Kondakta mmoja akapaza sauti, "Jamani, tunanunua basi au tunanunua viatu?"

"Tulia, utaelewa," akamjibu. Kisha akaniita. "Mume wangu, simama."

Nilisimama.

"Waambie."

Nikawaambia. Hii, basi zito, miezi mitano. Hii, basi jepesi, wiki tano. Nikaona, sikusema. Hii ya tairi niliiweka mimi bila kumwambia. Ngumu, mguu hausikii pedali. Jumatatu hakusikia. Nikakaa.

Ukumbi ukalipuka. Mwanamume wa mtaa wa juu akaruka juu ya kiti. "Kumbe! Basi halina kosa! Mwenye kosa ni fundi viatu!" Wengine wakapiga makofi. Mwenyekiti akainua mikono, uso umemng'aa. "Basi, ndugu zangu, kesi imekwisha. Mama yetu ni mzima, basi ni zima. Tununue."

Nikaona nimefanya kosa la pili. Nimesema ukweli, na ukweli wangu umelisafisha basi.

Mke wangu alisubiri kelele ziishe. Alijua kusubiri, alikuwa amesubiri abiria miaka ishirini na mitatu.

"Haijaisha," akasema. "Habari ya tairi mmeisikia wote. Sasa nijibuni: ile ya wiki tano nani aliitoboa? Ilikuwa raba ya kawaida. Mguu ni uleule. Dereva ni yuleyule." Akageuka. "Fundi mkuu. Jumatatu ulifungua magurudumu?"

Fundi mkuu akafuta mikono. "Niliangalia pedali. Na mafuta."

"Ulifungua?"

"Sikufungua, mama."

"Twende ukafungue."

Tukatoka wote uani, mbele ya jua. Watu walisimama juu ya ndoo, juu ya matofali, waone. Fundi mkuu akaingiza jeki, akatoa gurudumu la mbele. Akainama. Akakaa ameinama hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alipoinuka alishika pedi za breki kiganjani, nyembamba kama ukucha.

"Hizi nilifunga mimi mwenyewe mpya," akasema polepole. "Hazina wiki sita."

Hakuna aliyecheka.

"Basi hili si baya," mke wangu akasema. "Wapeni watu wa barabara ndefu iliyonyooka. Huko breki inapumzika. Kwetu haipumziki. Vituo kumi na tisa, na mlima, na watu wamesimama mpaka mlangoni."

Mwenyekiti akajikaza. "Tutabadilisha pedi kila mwezi. Rahisi."

"Mtabadilisha mwezi wa kwanza," akasema. "Mtabadilisha na wa pili. Mwezi wa nane fundi atakuwa amekwenda msibani, na aliyeachiwa ufunguo atasema bado kidogo."

Fundi mkuu akatazama chini. Alijua ni kweli. Wote tulijua.

Hapo shemeji akasukuma watu, akaja mbele kwa fimbo yake. Hakupiga kelele.

"Na mimi?"

"Wewe, dada, utashuka darajani. Utatembea."

"Kwa magoti yapi?"

"Kwa hayohayo. Nitakushika mkono."

Shemeji alimtazama mdogo wake mbele ya mji mzima. Kisha akageuka, akaenda zake, na watu wa mtaa wa juu wakamfuata mmoja mmoja. Uani tukabaki wachache. Mke wangu aliishika kona ya gari ili asianguke, lakini ni mimi tu niliyeona.

Yalinunuliwa mazito.

Watu wanadhani akishaamua aliona raha. Hakuona raha. Miaka mitatu hakuona. Mvua ikinyesha alikuwa akisimama dirishani, akijua nani yuko njiani kutoka darajani. Siku moja mama mjamzito alikaa chini njiani kwenye matope, akafika basini amelowa chapachapa. Mke wangu alirudi hakula. "Yule nimemkalisha chini mimi," akasema. Akaniuliza, "Fundi, nilikosea?" Nikamwambia sijui. Sikujua. Nilishajifunza kutosema nisichokijua na kutonyamazia nikijuacho.

Shemeji alinuna miezi miwili. Kila Jumamosi mke wangu alikwenda darajani, akamsubiri. Jumamosi saba shemeji alimpita kama nguzo. Ya nane akampa kikapu abebe, bila neno. Tangu hapo walipanda pamoja kila Jumamosi, mkono kwa mkono, na mimi nyuma na mzigo. Shemeji akimsema njia nzima. Mawe akisema ni kosa la mdogo wake, jua nalo kosa lake.

Jumamosi ya mwisho, siku nne kabla ya ile Jumatano, tulikaa ukingoni mwa daraja tukivuta pumzi. Chini yetu basi zito lilikuwa linageuza, taratibu, kama ng'ombe zizini. Shemeji alikuwa anasugua magoti. Mara akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Niambie ukweli. Ungejua nitateseka miaka yote hii, na watu wote hawa, ungelichukua lile jeupe?"

Swali hilo nililiogopa miaka mitatu.

Mke wangu alitazama kiatu chake cha kulia, akakung'uta vumbi. Akapiga chini mara mbili. Kisha akasema:

"Nisemeni tu, dada, wewe na mtaa wako wote. Mimi nataka nikikanyaga, lisimame."